Pete ya Huy, Mikono ya Panzi

Tarehe 1 Septemba 1993, katika mji mdogo wa Huy kando ya mto Meuse nchini Ubelgiji, daktari mzaliwa wa Ethiopia aitwaye Mitiku Belachew alivalisha pete ya silikoni mfuko wa chakula wa mgonjwa mnene bila kulipasua tumbo lake. Alitoboa matundu machache, akaingiza kamera kwa moja na vyombo vyake kwa mengine, na kazi yote akaifanya macho yakiwa kwenye televisheni. Upande wa ndani wa pete ile ulikuwa na puto, na puto liliunganishwa kwa mpira mwembamba na kisanduku kidogo kilichofichwa chini ya ngozi. Daktari akitaka kuikaza pete, anachoma sindano kwenye kisanduku na kuongeza maji ya chumvi. Akitaka kuilegeza, anayavuta. Pete za kurekebishwa zilikuwepo tangu zamani kidogo, lakini hii ilikuwa ya kwanza kubuniwa mahsusi ipitie matundu, na siku ile ndiyo ilipoingia mwilini mwa binadamu kwa mara ya kwanza. Belachew alikulia kijijini akichunga mifugo kabla masomo hayajamfikisha Ulaya.

Mtu wa Luberizi, huku kwetu Kivu ya Kusini nchini Kongo, anaweza kuuliza habari hii yamhusu nini. Bonde la Ruzizi linajulikana kwa mpunga, mihogo, mahindi na ng'ombe, na pia kwa vita. Kwetu unene umesifiwa vizazi na vizazi: mtu aliyenona ni mtu aliyeshiba, nyumba yake ina amani, mke wake hajui njaa. Miaka ile watoto waliopelekwa hospitali kwa sababu ya chakula walipelekwa kwa kukikosa, miguu imevimba na nywele zimegeuka rangi kwa kwashakoo. Ugonjwa huo wa njaa ya Kivu ulichunguzwa miaka mingi huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, na madaktari wa CEMUBAC, taasisi ya tiba ya Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Chuo hichohicho ndicho kilichomlea mpasuaji mwingine wa habari hii, Guy-Bernard Cadière wa hospitali ya Saint-Pierre, ambaye mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufunga pete ya tumboni kwa njia ya matundu. Chuo kimoja kilikuwa na madaktari wanaopima njaa ya watoto wa Kivu, na pia madaktari wanaotafuta namna ya kumzuia Mbelgiji asile kupita kiasi. Miaka ishirini hivi baadaye, kazi ya hawa wa pili ilifika Bukavu, na wagonjwa wake wakawa akina mama wa Kivu, wa bonde letu na wa milima inayolitazama.

Kabla ya pete kulikuwa na visu vikubwa. Mwaka 1952 huko Gothenburg, Sweden, mpasuaji Victor Henrikson alimkata mgonjwa sehemu ya utumbo mwembamba ili chakula kisifyonzwe chote. Mwaka 1954 Kremen na wenzake wa Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kuiruka sehemu kubwa ya utumbo bila kuiondoa. Watu walikonda kweli. Lakini wengi walipata kuhara kusikokwisha, mawe ya figo na ini lililoharibika, na wengine walikufa kwa tiba yenyewe. Edward Mason wa Iowa alikuja na wazo lingine mwaka 1966: auache utumbo, aushughulikie mfuko wa chakula. Aliugawa ubaki kifuko kidogo juu, akakiunganisha na utumbo, mgonjwa akawa anashiba kwa tonge chache. Wazo la Mason ndilo mama wa karibu kila operesheni ya kupunguza uzito inayofanywa leo.

Likafuata swali la asili kabisa: kwa nini kukata na kushona, ikiwa unaweza kufunga tu? Mwaka 1978 Wilkinson na Peloso wa Marekani waliuzungushia mfuko wa chakula ukanda wa wavu wa plastiki. Wengine Norway na Texas wakaja na kanda za aina nyingine. Ubaya wa ukanda usiobadilika ni kwamba kipimo chake huamuliwa siku moja, mgonjwa akiwa usingizini. Ukikazwa mno, mtu anatapika hata maji. Ukilegea, analipia operesheni isiyomsaidia. Na kusahihisha ni kurudi mezani kupasuliwa upya. Ndipo mwaka 1985 Dag Hallberg na Peter Forsell wa Sweden walipoeleza ukanda wenye puto, na mwaka 1986 Lubomyr Kuzmak, Mmarekani mwenye asili ya Ukraine aliyefanya kazi New Jersey, akaanza kutumia pete yake ya silikoni ya kukazwa na kulegezwa. Kipimo sasa kilimfuata mgonjwa, kikabadilika pamoja naye mwezi kwa mwezi. Ila bado ilibidi tumbo lipasuliwe kutoka chini ya kifua kuelekea kitovuni, na kwa mtu mwenye kilo 150 jeraha la namna hiyo ni hatari peke yake: linaoza, linafunguka, linatoa ngiri.

Wasweden hao tuwakumbuke, kwa maana wenzao walikuwa huku kwetu. Juu ya milima inayoonekana ukisimama Luberizi na kutazama magharibi, wamisionari wa Kipentekoste wa Sweden walikuwa wamejenga hospitali ya Lemera, ambayo baadaye ilikuwa chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste. Mwaka 1983 alifika pale munganga kijana, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, ametoka kumaliza masomo Bujumbura. Jina lake Denis Mukwege. Alikusudia kuwa daktari wa watoto, lakini Lemera ilimwonyesha jambo jingine. Wanawake waliletwa kwa tipoyi baada ya siku kadhaa za uchungu, wengine mtoto ameshakufa tumboni, wengine wao wenyewe wanavuja damu njia nzima. Waliopona walibaki na tundu kati ya kibofu na uke, wakitokwa na mkojo bila kujizuia, wakifukuzwa na waume zao. Mukwege aliacha mpango wake wa mwanzo, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na upasuaji wake, akarudi Lemera mwaka 1989.

Kule Ulaya aliyoiacha nyuma mapinduzi yalikuwa yameanza. Mwaka 1985 Erich Mühe wa Ujerumani alitoa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu, wenzake wakamkataa kabisa. Mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon akafanya vivyo hivyo kwa kamera ya video, na safari hii habari ilienea kwa kasi. Wapasuaji wazima, wenye mvi, walirudi kuwa wanafunzi. Ilibidi wajifunze upya kila kitu: kushika, kukata, kuziba mshipa, na zaidi ya yote kushona, kwa fimbo ndefu zinazopita kwenye bomba, ambapo mkono ukienda kulia ncha inaenda kushoto, na jicho linaona picha bapa isiyo na kina. Mfuko wa nyongo hauhitaji kushonwa. Unafunga kwa klipu, unakata, unatoa. Pete ilidai zaidi. Ilidai kwenda mahali pa kina kabisa pa tumbo, nyuma ya ini, kwenye kona ambapo umio unashuka kutoka kifuani, na kufunga mafundo kule ndani. Belachew na wenzake walifanya mazoezi kwa nguruwe kabla ya kumgusa mtu.

Niieleze operesheni yenyewe, kwa sababu uzuri wa kazi hii uko katika namna inavyofanywa. Mgonjwa analazwa chali, miguu imepanuliwa, na meza inainamishwa kichwa kikiwa juu ili matumbo yashuke yenyewe yakae mbali. Mpasuaji anasimama katikati ya miguu. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi mpaka ukuta wake unyanyuke kutoka kwenye viungo, na mabomba manne au matano yanaingizwa. Msaidizi analiinua ini. Daktari wa usingizi anapitisha mdomoni mpira wenye kiputo mwishoni, anakijaza mililita chache, anakivuta juu mpaka kinase pale umio unapoishia. Kwa namna hiyo mpasuaji anaona mfuko wa chakula unaanzia wapi hasa na kifuko kidogo kitakuwa na ukubwa gani. Mwanzoni walitumia mililita 25, baadaye wakashuka hadi 15. Leo tunaweza kuona ni tofauti ndogo, lakini kwa kifuko kinachoweza kutanuka kwa miaka, mililita kumi ni nyingi.

Sasa inatafutwa njia ya kupita nyuma. Upande wa kushoto, karibu na wengu, mpasuaji anafungua kidogo pembe iliyopo kati ya umio na mfuko wa chakula. Upande wa kulia anachimba tundu, anapitisha chombo chenye kichwa kinachojikunja, kinatokea kule kwenye pembe ya kushoto, kinaukamata mkia wa pete na kuuvuta kurudi nao, kama uzi unavyopitishwa pindoni mwa suruali. Pete inafungwa, inajifunga kwa kitasa chake. Kisha mbele, ukuta wa mfuko wa chakula unavutwa juu ya pete na kushonwa kwenye kifuko kwa mishono mitatu au minne, ili pete ilale ndani ya mkunjo na isiteleze. Mpira unatolewa nje kwa tundu mojawapo, unaunganishwa na kisanduku, na kisanduku kinashonwa juu ya utando wa msuli wa tumbo. Maji hayajazwi siku ile. Wiki kadhaa zinapita kwanza, pete inajengewa kitanda na mwili wenyewe, ndipo sindano ya kwanza inapochomwa.

Kila kitu katika maelezo hayo kilikuja kupingwa, kurekebishwa au kuthibitishwa kwa maumivu ya watu. Njia ya kwanza ya kupita nyuma iliambatana na ukuta wenyewe wa mfuko wa chakula. Ilionekana salama kwa sababu haiko mbali. Kumbe iliangukia kwenye nafasi tupu iliyo nyuma ya mfuko, na nafasi ile haina kitu cha kuushikilia. Miezi au miaka ikipita, ukuta wa nyuma wa mfuko ulipanda ukapenya ndani ya pete, kifuko kikawa kikubwa na kuning'inia, mgonjwa akawa anatapika usiku, na wengine walihitaji operesheni ya haraka kabla nyama haijafa. Wapasuaji wakahamia njia ya juu zaidi: wanaupasua utando mwembamba unaopitisha mwanga kando ya ini, wanautafuta msuli wa kulia wa kiwambo cha pumzi, na kwenye mguu wake, pale penye kidonge cha mafuta, wanachimba handaki jembamba linalopita juu ya ile nafasi tupu bila kuigusa. Handaki likiwa jembamba, nyama yenyewe inaibana pete isitembee. Paul O'Brien wa Melbourne na wenzake walizipima njia mbili hizi kwa wagonjwa waliogawanywa kwa kura, na mwaka 2005 walichapisha kwamba ile ya pili ni bora. Kifaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni sentimita mbili tatu za mahali kilipowekwa.

Hilo linanigusa kuliko jina la pete au bei yake. Watu hununua kifaa wakidhani wamenunua tiba, na viongozi wa afya hufanya hivyohivyo wakileta mashine kwa kamera na vifijo. Pete ya Kuzmak na ya Belachew inafundisha kwamba kifaa bila mkono unaojua mahali pake ni hatari iliyofungwa kwa karatasi safi.

Miaka ya tisini iliyobaki ilikuwa ya haraka sana Ubelgiji. Machi 1997 Cadière na mwenzake Jacques Himpens walitoa mfuko wa nyongo kwa kutumia roboti, mpasuaji akiwa amekaa mbali na mgonjwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kabla. Mwaka 1998 Cadière alifunga pete ya tumboni kwa njia hiyohiyo. Juni 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu pete ya Belachew kutumika nchini humo, na katika miaka iliyofuata watu wengi sana waliivaa, Australia, Ulaya na Amerika. Ilikuwa operesheni ya saa moja, mgonjwa analala usiku mmoja, hakuna kilichokatwa, na pete inaweza kutolewa.

Kwetu miaka ileile ilikuwa ya damu. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita vilivyoitwa vya ukombozi vikiwa vinaanza, wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera. Wagonjwa waliuawa vitandani. Wauguzi waliuawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyochapishwa mwaka 2010 inataja zaidi ya watu 30 waliouawa Lemera siku ile. Dawa na vyombo viliporwa, na hospitali iliyojengwa kwa miongo ikabaki kuta. Mukwege, mkuu wake, hakuwepo siku hiyo, na hiyo ndiyo sababu yuko hai. Wiki hiyohiyo Ubelgiji, huenda mtu aliyewekewa pete alikuwa anasubiri wiki zipite ili ajaziwe maji kwenye puto. Siziweki habari hizi mbili pamoja ili kumlaumu mgonjwa wa Huy, kwani maradhi ya unene yanaua na maumivu yake ni ya kweli. Naziweka pamoja kwa sababu zilitokea pamoja, na anayeandika historia ya upasuaji akiiacha Lemera ameandika nusu.

Vyombo viliporwa Lemera, lakini kilichokuwa kichwani na vidoleni mwa Mukwege hakikuweza kuporwa. Alipitia Nairobi, akarudi Bukavu, akaanza upya katika mtaa wa Panzi. Vita vya 1998 vikaharibu tena alichokusanya. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilifunguliwa. Alikusudia iwe mahali pa kuzalishia akina mama, wasife kwa kukosa operesheni ya uzazi. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri. Baada yake walikuja mamia, kisha maelfu, kutoka Kabare, Walungu, Shabunda, Mwenga, Fizi na Uvira, na waliotoka bondeni kwetu walipanda barabara ya Kamanyola wakiwa na vitambaa vilivyolowa mapajani.

Fistula ya uzazi, lile tundu ambalo Mukwege alilijua Lemera, iko chini, na mpasuaji mzoefu anaifikia kwa kupitia uke. Fistula ya ukatili wa vita inaweza kuwa popote. Risasi, kisu au mti vinapasua juu, vinaunganisha uke na utumbo mkubwa, kibofu na mfuko wa uzazi, na kovu linavuta kila kitu kuelekea juu kwenye nyonga. Mkono unaotoka chini haufiki huko. Njia iliyobaki ilikuwa kupasua tumbo kwa upana, kwa mwanamke aliyekwisha kupasuliwa mara mbili tatu mahali pengine bila kupona, na kuongeza kovu juu ya makovu.

Hapa ndipo Cadière alipoingia. Alikutana na Mukwege, akaona aina ya majeraha aliyokuwa akiyatibu, na kuanzia mwanzo wa muongo wa 2010 alikuwa anakuja Bukavu na timu yake kutoka Brussels, na kamera, na mabomba, na vyombo vyake. Waliendesha operesheni kwa mikono minne: Mukwege chini, akipitia uke, Cadière juu, akipitia matundu ya tumbo, kila mmoja akiutenganisha utumbo na kovu mpaka walipokutana katikati. Yaliyofanywa katika nyonga za wanawake hao yalidai ustadi uleule uliojengwa kwenye pete: kuchimba njia katika nafasi finyu bila kutoboa ukuta ulio kando, kujua kwa macho ya televisheni ni tabaka gani ni la kuacha na lipi ni la kufungua, na kushona kwa fimbo mahali mkono hauingii. Mkono uliojifunza kupita nyuma ya mfuko wa chakula wa Mbelgiji mnene, mahali penye mafuta na giza, ulikuwa umepata malezi ya kutosha kushuka kwenye kovu la mwanamke wa Kivu. Mwaka 2014 madaktari hao wawili walitoa kitabu kwa Kifaransa kinachobeba jina la hospitali, na Septemba 2015 Mukwege, akiwa na miaka 60, alitetea tasnifu yake ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, juu ya fistula za majeraha Mashariki ya Kongo. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Na pete? Watu waliojenga jina lao juu yake ndio walioipima kwa ukali zaidi. Himpens, Cadière na wenzao walirudi kuwatafuta wagonjwa 151 waliowekewa pete kati ya 1994 na 1997, wakawapata 82 na kuwachunguza, miaka 12 au zaidi imeshapita. Mwaka 2011 walichapisha walichokiona. Karibu nusu ya wagonjwa pete ilikuwa imeshatolewa. Kwa mgonjwa zaidi ya mmoja kati ya wanne, pete ilikuwa imekula polepole ukuta wa mfuko wa chakula mpaka ikaingia ndani yake. Baadhi yao walihamishiwa operesheni ya aina ya Mason. Sijui heshima kubwa kwa mpasuaji kuliko hiyo: kuifuatilia kazi ya ujana wake kwa miaka kumi na miwili, na kuandika hadharani kwamba kwa wengi haikudumu. Baada ya hapo matumizi ya pete yaliporomoka katika nchi nyingi. Nafasi yake ilichukuliwa na operesheni ya kuukata mfuko wa chakula kwa urefu ubaki mrija mwembamba, nayo hufanywa kwa matundu yaleyale, meza imeinamishwa vilevile, daktari amesimama katikati ya miguu.

Afrika Mashariki nayo imeingia katika kazi hii. Nairobi kuna wapasuaji wa kupunguza uzito kwa miaka kadhaa sasa. Dar es Salaam, hospitali ya Mloganzila, tawi la Muhimbili, imekuwa ikiweka puto ndani ya mfuko wa chakula kwa kupitia mdomoni, bila kupasua, na pia kufanya upasuaji wa matundu madogo kwa wenye unene uliopita kiasi. Wanaokwenda huko ni watu wa kawaida, walimu, wafanyabiashara, akina mama wenye magoti yaliyochoka na kisukari kisichoshuka. Uvira nako sukari na presha si habari ya matajiri peke yao tena. Uliza duka lolote la dawa karibu na soko. Mwili ulionona bado unasifiwa, lakini familia nyingi zimeanza kuzika mapema mno watu waliosifiwa hivyo.

Sidhani kwamba Luberizi inahitaji pete, wala puto, kabla ya mahitaji mengine. Mama anayehitaji operesheni ya uzazi usiku bado anategemea hali ya barabara na nani ameweka kizuizi njiani, na Februari 2025 Bukavu yenyewe ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, njia ya kwenda Panzi ikawa swali jipya kwa kila familia ya bondeni. Lakini upasuaji wa matundu haupaswi kubaki kitu kinachoshuka na ndege pamoja na timu ya wageni na kuondoka nayo. Unahitaji umeme usiokatika, gesi, kamera na chumba safi, na vyote hivyo ni gharama. Unahitaji pia vidole vilivyozoezwa, na gharama ya hivyo ni muda wa mazoezi tu. Wanafunzi wa upasuaji katika nchi nyingi hujizoeza kwa sanduku: katoni lililotobolewa, kamera ya simu imefungwa ndani, vyombo viwili virefu, kipande cha sponji au ngozi ya kuku, uzi na sindano. Munganga kijana wa Sange, Luvungi au Uvira anaweza kulianza sanduku lake jioni ya leo kwa vitu vya sokoni, na akajifunza mafundo yaleyale ambayo Belachew alijifunza kabla ya Septemba 1993. Vyombo virefu vilivyoisha muda hospitali kubwa zinavitupa, na vingine vinaweza kuombwa.